Dizeli, Umeme na Hesabu ya Haisi: Mhadhara kwa Wasafirishaji wa Maruku



Nimeombwa nizungumze juu ya kuacha gari la dizeli na kufanya kazi kwa gari la umeme. Nitaanza na mlima, kwa kuwa mlima ndio unaotuamulia mambo mengi huku. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Bukoba umekaa ukingoni mwake. Sisi Maruku tuko juu, zaidi ya mita 1,300. Haisi inayotoka stendi ya Bukoba kuja huku hupandisha watu na magunia yao karibu mita 200, kisha huteremka na mikungu ya ndizi, na hivyo hivyo hadi jioni. Kila dereva aliyekaa hapa anajua ni wapi atarudi gia namba mbili, wapi moshi utakuwa mweusi, na wapi abiria wa siti ya nyuma wataanza kufunga vioo. Anajua pia ni wapi harufu ya breki huanza kusikika anapoteremka na mzigo.

Msimamo wangu nautoa mapema, ili anayetaka kunipinga apate muda wa kujiandaa. Kwa kazi ya njia fupi kama hii, gari la umeme linafaa, na milima haiharibu hesabu yake kama wengi wanavyodhani. Kinachotukwamisha ni mapatano: namna tajiri na dereva wanavyogawana pesa ya siku, na namna wenye magari wanavyokwenda TANESCO na benki kila mmoja kivyake. Mambo hayo tunaweza kuyarekebisha wenyewe.

Nimesikia ikisemwa kwamba magari haya ni ya Ulaya, ya barabara za lami na watu wenye pesa. Tutazame yaliyotokea hapa hapa nchini. Mwaka 2018 kampuni ya utalii ya Mount Kilimanjaro Safari Club, ikishirikiana na kampuni ya Kifaransa ya Carwatt, ilianza kutembeza watalii mbugani kwa gari la umeme. Lilikuwa Land Cruiser ya kawaida, ya aina mnayoiona ikipita na wageni, iliyong'olewa injini ya dizeli ikafungwa mota na betri. Nairobi nako, kampuni ya Opibus iliyoanzishwa 2017, ambayo siku hizi inaitwa Roam, ilijijengea jina kwa kazi ya namna hiyo: kuchukua magari ya dizeli ya mbugani na ya migodini na kuyageuza yatumie umeme.

Inafaa tujiulize kwa nini watu wa utalii walitangulia, tena porini ambako nguzo ya umeme haionekani. Gari la mbugani hutoka kambini asubuhi na jioni hurudi kambi ile ile. Umbali wake wa siku unajulikana. Mwendo wake ni mdogo, linasimama mara nyingi, linapita kwenye mashimo na matope. Na dizeli yake inasafirishwa kutoka mbali kwa gharama kubwa. Ondoeni tembo na simba, kisha mniambie hiyo ni kazi ya nani. Ni kazi ya haisi ya Bukoba–Maruku. Ni kazi ya pikapu inayokusanya majani ya chai na ya gari la chama cha msingi linalozunguka kukusanya kahawa.

Sasa turudi kwenye mlima. Gari la tani 2.5 pamoja na mzigo wake, kulipandisha mita 200 kunahitaji nishati ya karibu yuniti 1.4 za umeme, ukiacha ile inayotumika kusonga mbele tu. Kwenye dizeli, nishati hiyo ukishailipia imekwenda. Ukifika juu ukaanza kuteremka, uzito wa gari unageuka mzigo kwa breki. Pedi zinapata moto na moto unapotea hewani. Mota ya umeme inafanya jambo ambalo injini ya dizeli haiwezi kulifanya. Ukiachia mguu kwenye mteremko, mota inageuka jenereta, inalizuia gari kukimbia, na kile inachokizuia inakirudisha kwenye betri. Hurudishiwi chote, tuseme kwa tahadhari kwamba unapata nusu. Lakini pedi za breki hukaa muda mrefu zaidi, na dereva anateremka ametulia.

Nchini Uswisi, karibu na mji wa Biel, kuna lori kubwa la machimbo linaloitwa eDumper. Linapanda mlimani tupu, linapakia mawe ya saruji juu, na linateremka limejaa. Kwa kuwa huteremka likiwa zito kuliko linavyopanda, kuna siku linamaliza kazi likiwa limezalisha umeme mwingi kuliko lilioutumia. Haisi yetu haitafika huko, kwa sababu nayo hupanda na abiria, saruji na sukari. Hata hivyo tazameni mzigo wa Maruku ulivyo: ndizi zinateremka kwenda sokoni. Uzito wetu mkubwa unakwenda upande ambao gari la umeme linaupenda.

Hapa kuna jambo ambalo muuzaji wa mjini hatawaambia, maana yeye haishi mlimani. Gari linalolala Maruku huanza siku kwa kuteremka. Ukilijaza betri hadi asilimia 100 usiku, asubuhi halina nafasi ya kupokea umeme wa mteremko. Breki za kawaida zitafanya kazi yote, na ule umeme wa bure utapotea. Gari la kulala juu lijazwe hadi asilimia 90. Linalolala mjini lijazwe litakavyo, kwani linaanza kwa kupanda.

Tuje kwenye pesa, maana najua ndicho mlichokifuata.

Dizeli ya Bukoba husafiri. Inashuka melini Dar es Salaam, inapakiwa kwenye lori la tangi, inatembea karibu kilomita 1,400 hadi huku. Ndiyo sababu kila mwezi EWURA inapotangaza bei kikomo, mkoa wetu uko kwenye mstari wa wanaolipa zaidi. Oktoba 2023 dizeli ilivuka shilingi 3,400 kwa lita pale pale Dar es Salaam, kabla lori halijaondoka. Mwaka uliotangulia serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kupunguza makali. Bei hizo zinapangwa na vita na masoko ambayo hakuna mtu hapa mwenye sauti juu yake. Umeme wetu una historia nyingine. Kwa miaka mingi Bukoba imewaka kwa umeme wa Uganda unaoingia kupitia Masaka na Kyaka, na umeme wa Uganda kwa sehemu kubwa ni maji ya Nile yanayotoka katika ziwa hili tunaloliona kutoka hapa juu. Sasa kuna Rusumo kule Ngara, megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na taifa limejenga Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Mvua ikinyesha, na Bukoba tunajua mvua, nishati ipo.

Chukueni haisi inayotembea kilomita 120 kwa siku. Kama lita moja inakwenda kilomita tisa, inahitaji lita 13 na kidogo. Kwa urahisi wa hesabu tuiweke dizeli shilingi 3,000: ni shilingi 40,000 kwa siku. Vani ya umeme ya ukubwa huo hutumia kama yuniti 30 kwa kilomita 100, yaani 36 kwa siku yetu. Ongeza zinazopotea wakati wa kuchaji, fanya 40. Mteja wa kawaida wa LUKU, pamoja na kodi na tozo, hupata yuniti 2.8 kwa shilingi 1,000. Yuniti 40 ni shilingi 14,300 hivi. Tofauti ni zaidi ya 25,000 kwa siku. Tofauti hiyo haina uchawi wowote. Lita ya dizeli ina nishati ya karibu yuniti 10, lakini sehemu kubwa ya nishati hiyo inatoka kama joto kwenye rejeta na bomba la moshi. Mota ya umeme inapoteza kidogo sana.

Tahadhari moja kwa wenye nyumba. Wengi wetu vijijini tuko kwenye kundi la wateja wadogo, wanaolipa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi, kwa sharti la kutozidi yuniti 75 kwa mwezi. Haisi moja itazimaliza yuniti hizo kwa siku mbili. Ukiichaji kwenye mita ya nyumbani, familia nzima itahamishiwa bei ya juu, na mama anayewasha taa tatu na redio atauliza kwa nini umeme umepanda. Gari liwe na mita yake tangu siku ya kwanza.

Sasa nafika mahali ninapotaka tukae kwa muda. Tunasema gari la umeme linaokoa shilingi 25,000 kwa siku. Linamwokolea nani?

Mnajua utaratibu. Tajiri ana gari, dereva analichukua alfajiri. Dizeli inawekwa kwa pesa ya abiria. Dereva anamlipa konda, anatoa ushuru wa stendi, anaoshesha gari, na jioni anapeleka hesabu kwa tajiri. Kinachobaki ni chake. Tajiri yeye anabeba matengenezo makubwa, bima na mkopo. Kwa hiyo mafuta ni mzigo wa dereva, na gari ni mzigo wa tajiri. Utaratibu huu umelisha familia nyingi na siudharau hata kidogo. Lakini ukiliingiza gari la umeme ndani yake bila kuugusa, unavunjika. Tajiri atakuwa amelipa mamilioni zaidi kununua gari, na faida yote ya mafuta itaangukia kwa dereva, ambaye hakuweka hata shilingi. Au mambo yageuke: gari linachajiwa usiku nyumbani kwa tajiri, kwenye mita ya tajiri, na hesabu ya jioni ikabaki ile ile ya zamani, hapo tajiri analipa mkopo na umeme, na baada ya miezi miwili atatangazia kijiji kizima kwamba magari ya umeme ni hasara. Atakuwa anasema kweli kwa upande wake. Gari litakuwa limefanya kazi yake vizuri, na mapatano ndiyo yatakuwa yamemwangusha.

Naona jambo hili linapita mengine yote kwa uzito, na ni nadra kulisikia likizungumzwa kwenye mikutano ya magari ya umeme, kwa sababu wanaoitisha mikutano hiyo hawajawahi kupeleka hesabu. Uchumi wa haisi umegawanywa kati ya watu wawili, na kila mmoja anaona nusu ya daftari.

Nairobi wamelishika tatizo hili kwa namna yao. Kampuni ya BasiGo ilipoanza majaribio ya mabasi ya umeme mwaka 2022, iliitenga betri na basi. Mwenye basi ananunua basi, lakini betri, chaji na matengenezo vinalipwa kwa kilomita. Walianza na shilingi 20 za Kenya kwa kila kilomita. Gharama inafuata kazi. Siku gari limesimama, hulipi. Siku limetembea sana, unalipa zaidi, lakini pia umeingiza zaidi.

Sisi hatuna BasiGo hapa, lakini akili hiyo tunaweza kuitumia. Tajiri alipe umeme, maana mita ni yake. Hesabu ya jioni ipande kwa kiasi kinacholipia umeme huo pamoja na sehemu ya kile kilichookolewa, na sehemu iliyobaki iwe ya dereva na konda. Kwa mfano wetu wa 25,000, tajiri achukue 15,000 kulipia mkopo, na 10,000 ibaki garini. Dereva ataona mabadiliko mfukoni mwake tangu wiki ya kwanza, na atalitunza gari. Iandikwe pia nini kitatokea usiku ambao umeme umekatika na gari halikujaa: siku hiyo hesabu ipunguzwe, kwani dereva hana mamlaka juu ya laini ya TANESCO. Iandikwe kwamba dereva halirudishi gari na betri sifuri likaachwa hivyo siku mbili, maana huko ndiko kuiua betri. Karatasi moja, sahihi mbili, shahidi mmoja. Wazee wetu walioanzisha Bukoba Native Cooperative Union mwaka 1950 hawakuwa na shule kutuzidi, na waliweza kuuza kahawa ya maelfu ya wakulima kwa daftari na makubaliano.

Tena tuseme ukweli juu ya mgawo huo. Shilingi 15,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni chini kidogo ya milioni 4.7 kwa mwaka. Kama gari la umeme linazidi la dizeli kwa bei ya milioni 15, tajiri atarudisha tofauti hiyo kwa miaka mitatu na kitu, bila kuhesabu riba, na akiba ya oili, filta na nozeli itamsaidia. Kama linazidi kwa milioni 30, ni zaidi ya miaka sita, na mimi nitamwambia asinunue. Watengenezaji wengi wa magari mapya hudhamini betri kwa miaka minane. Sitaki mtu amalize kulipa mkopo wakati udhamini nao unamalizika.

Najua ninyi mtatazama magari yaliyotumika ya Japan, kama tulivyofanya kwa kila kitu chenye magurudumu. Basi jueni cha kutazama. Nissan walitoa vani ya umeme iitwayo e-NV200 mwaka 2014. Ni ndogo kuliko haisi na hutumia umeme pungufu, lakini za mwanzo zilikuwa na betri ya yuniti 24 tu, tena hiyo ni zilipokuwa mpya. Haimalizi kilomita 120 za siku bila kuchajiwa mchana. Mfumo wake umetokana na Nissan Leaf, na kwenye dashibodi ya Leaf, pembeni kabisa ya geji ya chaji, kuna vijisanduku vidogo 12 vilivyopangwa kama ngazi. Watu huvipita wakatazama kilomita. Vijisanduku hivyo ndivyo vinavyoonyesha afya ya betri: cha kwanza kikipotea, betri imeshapungua kama asilimia 15. Gari lenye rangi inayong'aa na vijisanduku vinane ni gari lililochoka. Betri hizo hazikuwa na kipoza cha maji, na kule Arizona, Marekani, joto lilizishusha haraka hadi wateja wakalalamika. Bukoba tumejaliwa, hali yetu ya hewa, nyuzi 20 na kidogo mwaka mzima, inaifaa betri kuliko Dar es Salaam. Lakini huwezi kujua gari lilikaa wapi kabla yako.

Tundu la chaji nalo liangaliwe. Magari ya Japan, ya China na ya Ulaya hayatumii plagi moja. Waya wa chaji wa Japan umetengenezwa kwa volti 100 au 200, nasi tunatumia 230. Usichomeke ukutani kwa kujaribu.

Upande wa umeme wenyewe, REA imefanya kazi kubwa. Takriban vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa, na kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000. Lakini laini iliyojengwa kwa ajili ya taa, simu na pasi ina mipaka yake. Transfoma ya kijiji mara nyingi ni ya kVA 50. Haisi inayochajiwa kwa kilowati saba, ambayo ni kasi ya kujaza yuniti 40 kwa saa sita, inachukua sehemu ya saba ya transfoma hiyo. Haisi saba zikichomekwa saa moja jioni, wakati kila jiko na kila runinga inawaka, mtaa mzima utaingia gizani, na lawama zitaeleweka. Zikichomekwa kwa zamu kuanzia saa nne usiku, kijiji kimelala, na kufikia saa kumi alfajiri zilizotangulia zitakuwa tayari kwa safari ya kwanza. Hilo linahitaji watu waongee. Linahitaji pia ethi iliyofungwa sawasawa na kifaa cha kuzuia radi, kwa kuwa bonde hili la ziwa ni miongoni mwa mahali panapopigwa radi sana duniani. Chaja ya gari isiyo na kinga, msimu mmoja wa mvua za Bukoba unatosha kuiunguza.

Sola nimeulizwa. Inawezekana, lakini kwa mawingu ya huku utahitaji paneli 20 na zaidi za wati 450 kwa gari moja, na jua linawaka wakati gari liko barabarani. Kwa kituo cha pamoja cha kuchajia mchana, inafaa kufikiriwa. Kwa mtu mmoja, bado.

Mafundi wangu, nimewaona mmekaa nyuma mmenyamaza. Fundi wa nozeli na pampu ya dizeli ana haki ya kuuliza atakula nini. Bushi, sokabu, beringi, springi, matairi na breki vitabaki; kwa kuwa betri ni nzito, matairi yatalika haraka zaidi, na barabara zetu hazitawaonea huruma bushi. Chini ya gari patahitaji bamba la chuma la kukinga betri na mawe, na hiyo ni kazi ya mchomeleaji wa hapa. Kinachohitaji mafunzo mapya ni nyaya za rangi ya machungwa. Ukifungua gari la umeme ukaona waya wa rangi hiyo, jua ndani yake kuna volti mia tatu, mia nne. Haziguswi na mtu ambaye hajafundishwa na hana glavu zake. Tunacho chuo cha VETA cha mkoa, kilichojengwa kwa msaada wa China, nchi inayotengeneza magari mengi ya umeme kuliko nchi yoyote. Kozi fupi ya magari haya ianzishwe pale, na wa kwanza kupewa nafasi wawe mafundi walioko gereji leo, wenye vyeti na wasio na vyeti. Mtu aliyeweza kuirudisha barabarani injini iliyonoki kwa spea za kuokoteza hashindwi kujifunza mota yenye vyuma vichache vinavyozunguka.

Kuna jambo moja la usalama ambalo ni letu sote. Gari hili halina sauti. Watoto wetu wanaotoka shule, na mbuzi pia, wamezoea kuisikia haisi kabla ya kuiona. Tangu Julai 2019 Ulaya inawalazimisha watengenezaji kuweka sauti ya tahadhari kwenye aina mpya za magari ya umeme yanapokwenda polepole. Magari ya zamani yanaweza kukosa kifaa hicho, au kikawa kimezimwa. Mwenye gari ahakikishe kinafanya kazi, na walimu wawaambie watoto.

Tukumbuke pia tunachokivuta. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu ambavyo imethibitika vinaleta saratani. Konda anayening'inia mlangoni na mama anayeuza ndizi za kuchoma nyuma ya magari yanayounguruma stendi ndio wanaouvuta kutwa, na hakuna anayewapima mapafu.

Simwambii kila mtu auze gari lake. Mwenye Fuso inayopeleka ndizi Mwanza au Dar es Salaam abaki na dizeli; betri ya kazi hiyo kwa njia hizo bado haijafika kwetu. Mwenye haisi ya Bukoba–Muleba, kilomita 70 kwenda na 70 kurudi, afanye hesabu ya safari mbili kwa siku aone kama anaweza kuchaji Muleba katikati. Bila mahali pa kuchaji, asubiri. Mwenye dizeli nzima isiyomsumbua aitumie hadi imalize maisha yake. Ninaowalenga ni wale ambao gari lao la njia fupi linakaribia kufa na wanatafuta jingine.

Kwa hao nina maombi. Nunueni daftari. Kila jioni dereva aandike kilomita alizotembea, lita alizoweka, na muda ambao gari lililala. Fanyeni hivyo mwezi mzima, msimu wa mvua ukiwemo. Mkiwa watano au sita wenye madaftari hayo, nendeni TANESCO Bukoba kama kikundi, muombe laini ya fezi tatu na transfoma mahali pamoja pa kulaza magari, na mwambieni afisa kilowati mnazohitaji na saa mnazozihitaji. Kenya tangu 2023 wana bei maalumu ya umeme wa kuchaji magari, shilingi 16 za kwao kwa yuniti na nusu yake usiku watu wanapolala. Madaftari yenu ndiyo ushahidi wa kuiomba EWURA ifikirie bei ya usiku kwa wasafirishaji wa Tanzania. Ombi lenye takwimu za magari yanayotembea kila siku ni vigumu kulitupa. Halmashauri nayo iombwe kiwanja.

Na kabla ya benki, tajiri na dereva wakae mezani. Mkataba wa mkopo utawafunga kwa miaka, na benki itauandika kwa kulinda pesa yake. Msiusaini kabla ninyi wawili hamjaandika wenu wa hesabu mpya ya siku.